Miimo na Vizingiti: Herufi Nene za Mabango, Mtaa wa Keko na Swali la Istilahi

1.0 Utangulizi

Taaluma ya Kiswahili imesema mengi kuhusu sauti, neno, sentensi na utungo. Kuhusu herufi kama kitu kinachochorwa, chenye uzito, upana na mguu, imesema machache. Herufi imechukuliwa kuwa chombo cha kubebea sauti tu. Ikishasomwa, kazi yake imekwisha. Hata pale historia ya maandishi ya Kiswahili inapojadiliwa, mjadala huwa ni wa kuhama kutoka hati za Kiarabu kwenda hati za Kirumi, au wa tahajia sanifu. Umbo la herufi huachiwa wapiga chapa na wachoraji wa mabango.

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza umbo moja la herufi za Kirumi: herufi nene zilizokolezwa, zenye vipande vya mraba mwishoni mwa mistari yake, ambazo kazi yake ni kutazamwa kwa mbali. Mahali palipochaguliwa kuwa dirisha la uchunguzi huu ni Keko, kata ya Manispaa ya Temeke jijini Dar es Salaam. Sababu ni mbili. Kwanza, Keko inafahamika jijini kwa karakana zake za samani, na lugha ya useremala, kama itakavyoonyeshwa, ina msaada mkubwa katika kulieleza umbo hili. Pili, jina la mtaa lenyewe, likiandikwa kwa herufi kubwa, ni kielelezo kizuri cha tabia za umbo linalojadiliwa.

Hoja kuu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba umbo la herufi si jambo la pembeni kwa mwanaisimu, kwa kuwa muundo wa neno la Kiswahili huathiri namna herufi inavyokaa ubaoni, na ubao nao huathiri tahajia. Ya pili ni kwamba Kiswahili hakijawa na msamiati imara wa kuzungumzia jambo hili, ingawa malighafi ya msamiati huo imo tayari katika lugha ya mafundi.

2.0 Umbo Lenyewe

Herufi nyingi za Kirumi zinazotumika vitabuni zina vijimstari vidogo mwishoni mwa mistari yake mikuu. Vijimstari hivyo huitwa serifi. Katika herufi za vitabu, serifi huwa nyembamba, na huungana na mstari mkuu kwa mkunjo laini. Katika umbo linalojadiliwa hapa, serifi ni nene kama mstari mkuu wenyewe, au karibu sawa nao, na hukutana nao kwa pembe mraba, mfano wa ubao uliopigiliwa juu ya nguzo.

Jina KEKO linaliweka wazi jambo hili. Herufi K ina nguzo iliyosimama upande wa kushoto, yenye serifi juu na chini. Mkono wake wa juu huishia na serifi, na mguu wake wa chini vivyo hivyo. Herufi moja hubeba serifi nne. Herufi E ina nguzo moja na mikono mitatu, na kila mkono huishia na kipande kizito: wa juu hushusha kipande chake, wa chini hupandisha, na wa katikati huelekeza kwake juu na chini. Herufi O haina serifi hata moja. Basi neno la herufi nne lina sehemu tatu zilizojaa pembe na sehemu moja ya duara tupu. Mchoraji akiziacha herufi hizo kwa nafasi zinazolingana kwa rula, serifi za K na E zitakaribia kugusana, ilhali O itaonekana imejitenga. Hulazimika kupima kwa jicho na kuisogeza O karibu na K kuliko rula inavyoagiza.

Uzito huo una kazi. Mstari mwembamba hupotea macho yakiwa mbali, wino ukisambaa kwenye karatasi duni, au rangi ikipauka juani. Mstari mnene hubaki. Aidha, serifi ya mraba huifunga ncha ya mstari, hivyo kasoro ndogo za brashi hazionekani. Kwa sababu hizohizo umbo hili halifai kwa kitabu cha kurasa 300: weusi wake mwingi huchosha macho, na matundu ya ndani ya herufi kama A, B na R huzibika zinapopunguzwa ukubwa. Ni herufi ya kichwa cha habari, ya bango na ya mlango wa duka.

3.0 Chimbuko

Herufi hizi ni zao la biashara ya Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka tangazo kubwa alitumia herufi za vitabu zilizokuzwa. Kukua kwa viwanda, bahati nasibu, maonyesho na vyombo vya usafiri kulileta ushindani wa matangazo ukutani, na viwanda vya kuyeyushia herufi vya London vikaanza kuunda maumbo yenye sauti kubwa. Vincent Figgins alionyesha herufi za serifi za mraba kati ya mwaka 1815 na 1817, akaziita za kale. Mwaka 1821 William Thorowgood, aliyekuwa amenunua kiwanda cha marehemu Robert Thorne, alitoa herufi za aina hiyo kwa jina la Kimisri.

Jina hilo linahitaji maelezo, kwa kuwa msomaji wa Afrika anaweza kudhani kwamba lina asili ya bara lake. Halina. Tangu Napoleon alipoivamia Misri mwaka 1798, Ulaya ilishikwa na mtindo wa kupenda kila kilichosemekana kuwa cha Misri, kuanzia samani hadi majengo, na wafanyabiashara wa herufi walijipatia sehemu yao. Maandishi ya kale ya Misri hayana serifi. Tena, Jean-François Champollion alitangaza ufumbuzi wake wa maandishi hayo mwaka 1822, baada ya jina hilo kuwa tayari limeingia sokoni. Herufi zilipewa jina la maandishi ambayo hakuna mtu wa London aliyeweza kuyasoma. Mwanaistilahi anapaswa kulikumbuka jambo hili kila anapoelekea kudhani kwamba istilahi za kigeni huwa na mantiki kuliko zile atakazoziunda mwenyewe.

Hatua iliyofuata ilihusu mbao. Herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito na ghali, na risasi nyingi ilipopoa haikutoa uso ulionyooka. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kutengeneza herufi za mbao kwa wingi kwa kutumia mashine ya kukereza, na mwaka 1834 William Leavenworth akaongeza kifaa cha kunakili umbo kwa vipimo tofauti. Tangu hapo bango kubwa lilikuwa, kwa sehemu, kazi ya seremala. Mwaka 1845 kiwanda cha Fann Street cha London, chini ya Robert Besley, kilitoa herufi za Clarendon, ambazo serifi zake zina mkunjo mdogo pale zinapokutana na nguzo. Zilipata ulinzi wa kisheria wa miaka mitatu, na ulipokwisha viwanda vingine vikaziiga.

Karne ya 20 ilirudia umbo hili kwa vipimo vya rula na bikari. Ujerumani ilitoa Memphis ya Rudolf Wolf mwaka 1929, City ya Georg Trump mwaka 1930 na Beton ya Heinrich Jost mwaka 1931. Uingereza ikatoa Rockwell ya kampuni ya Monotype mwaka 1934. Hiyo ya mwisho imeenea hadi kwenye kompyuta za ofisi. Pamoja na hizo kuna jamaa yao mwembamba ambaye msomaji wa Afrika Mashariki amemzoea zaidi, nayo ni herufi ya taipureta. Kwa kuwa kila herufi ya taipureta ya kawaida sharti ichukue upana uleule, herufi nyembamba kama i na l zilipewa serifi ndefu bapa ili zijaze nafasi. Hivyo barua za serikali, mitihani na miswada iliyopigwa taipu ilikuwa imeshayazoesha macho ya Waswahili familia hii ya herufi.

4.0 Kufika Pwani

Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya kupigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Mswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni ushahidi mmojawapo. Katika hati hizo, mkazo ulipatikana kwa ukubwa, kwa rangi ya wino na kwa mapambo, wala hapakuwa na haja ya serifi. Herufi za Kirumi zilipata nguvu pamoja na mashine za chapa. Misheni ya UMCA, ambayo Edward Steere aliitumikia, ilikuwa ikichapisha Zanzibar mwaka 1867. Jarida la Msimulizi lilifuata mwaka 1888, na Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923.

Usanifishaji uliofuata, kupitia mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ulikuwa na matokeo ambayo hayasemwi mara nyingi. Tahajia sanifu haina alama za kuwekwa juu au chini ya herufi. Kwa hiyo herufi yoyote iliyotengenezwa London au Frankfurt iliweza kupiga chapa ya Kiswahili bila kuongezwa kipande. Faida hii ilikuwa kubwa kwa umaskini wa viwanda vya chapa, lakini haikuwa kamili, kwa sababu sanduku la herufi lilijazwa kwa uwiano wa lugha ya mtengenezaji. Kiingereza hula E kuliko herufi nyingine zote. Kiswahili hula A. Chukua maneno WANANCHI WA TANGANYIKA. Yana herufi 20. Kati ya hizo A ni 6, N ni 4, na E hakuna hata moja. Mpanga herufi mwenye sanduku dogo la herufi za bango lililopangwa kwa Kiingereza angeishiwa na A huku E zikibaki zimelala.

Nje ya karatasi, herufi kubwa za Kirumi zilipata makao mengine katika kanga. Maandishi ya kanga yalianza kwa hati za Kiarabu, kisha yakahamia hati za Kirumi, na yakazoeleka kuandikwa kwa herufi kubwa, nene, katika mstari mmoja. Kanga ni chapisho linalotembea. Jina lake husomwa likiwa mgongoni au kiunoni mwa mtu anayekwenda zake. Masharti ya usomaji wake ni yaleyale ya bango: muda mfupi, umbali na mwendo. Baada ya mabasi ya watu binafsi kuruhusiwa Dar es Salaam mwaka 1983, ubavu na kioo cha nyuma cha daladala navyo viliingia katika orodha hiyo.

5.0 Kiswahili Ndani ya Umbo Hili

5.1 Viambishi na upana

Ngeli ya watu huanza kwa m-, mw- na wa-. Kwa sababu hiyo M na W, ambazo ni herufi pana kuliko zote, hutokea mwanzoni mwa maneno mengi ya Kiswahili, tena mara nyingi zikiwa jirani: MWALIMU, MWANANCHI, MWENYEKITI. Serifi za mraba huzidisha upana huo. Juu, serifi ya M na ile ya W hutaka kugongana. Chini, W hujikunyata na kuacha pengo. Hakuna kipimo kimoja kinachoponya mgongano wa juu na pengo la chini kwa pamoja. Mchoraji stadi hupunguza serifi za upande mmoja au huziunganisha kabisa.

5.2 Urefu wa neno

Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo na shina katika neno moja. TUNATENGENEZA, neno la kawaida katika bango la karakana, lina herufi 13. Ubao ukiwa mfupi, neno hukatwa, na hapo isimu huingia kazini. Silabi zake ni tu-na-te-nge-ne-za. Kulikata baada ya TUNATE au TUNATENGE ni sahihi; kulikata baada ya TUNATEN ni kuipasua silabi nge, kwa kuwa n na g hapo hutamkwa pamoja mwanzoni mwa silabi. Kanuni hii hufundishwa darasani kwa ajili ya insha. Ukutani hukutana na inchi za ubao, na mara nyingi inchi hushinda.

5.3 Utambuzi wa herufi

Serifi ya mraba ina fadhila ambayo wasomaji wa Dar es Salaam wanaweza kuipima kwa jina la wilaya jirani na Temeke. Neno Ilala, likiandikwa kwa aina nyingi za herufi zisizo na serifi, huanza kwa vijiti viwili vinavyofanana: I kubwa na l ndogo. Msomaji hulitambua kwa kuwa analijua. Katika herufi za serifi za mraba, I kubwa hupata kipande kipana juu na chini, na l ndogo hupata umbo lake. Tofauti huonekana hata kwa mtu asiyelijua neno.

5.4 Ritifaa

Jirani wa Keko ni Chang'ombe, na jina hili linaonyesha suala zito kuliko yote. Ritifaa katika ng' si pambo wala alama ya nukuu. Ni sehemu ya herufi, kwa kuwa hutofautisha sauti: ng'oa ni kutoa kitu kilichokita, ngoa ni tamaa au wivu. Hata hivyo jina hilo huonekana likiandikwa bila ritifaa. Sababu mojawapo ni ya kimaumbo. Katika herufi kubwa nene, ritifaa ni kipande kidogo kinachoning'inia kati ya G na O, na uzito wa majirani zake humeza nafasi yake. Akiichora kwa uzito unaolingana na herufi, mchoraji hulazimika kulifungua neno katikati. Akiichora ndogo, hufutika. Sababu nyingine ni ya kimashine: mifumo ya kompyuta huichukulia ritifaa kuwa alama ya uakifishi, na mingine huikataa. Mwenyeji hapotei, kwa kuwa hasomi tahajia bali analitambua jina. Anayepotea ni mgeni, mwanafunzi anayejifunza kusoma kwa mabango, na mtafutaji wa jina katika orodha ya kompyuta.

6.0 Keko: Brashi na Mashine

Wahenga wamesema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mitaa ya samani haijaufuata usemi huo kwa ukamilifu. Kitanda kizuri nacho huwekewa bango. Katika uandishi wa mkono, fundi hupiga mistari miwili ya kupimia kimo, huchora kwa chaki, kisha hujaza kwa rangi ya mafuta. Brashi bapa huweka mstari wa unene mmoja, uwe wa kusimama au wa kulala. Kwa hiyo serifi ya mraba si anasa kwake. Ni pigo moja zaidi la brashi ileile. Uchoraji wa rangi na maandishi umekuwa fani mojawapo katika mfumo wa mafunzo ya ufundi wa VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa kompyuta yamechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hupatikana upesi, na hubeba picha. Lakini kuna jambo ambalo mkono uliliweza na mashine hailiwezi bila mtumiaji anayejua. Neno refu lisipoenea ubaoni, mwandishi wa mkono hubana herufi huku akibakisha brashi ileile. Nguzo na serifi hubaki na uzito mmoja. Mtumiaji wa kompyuta hulivuta au kulibana neno zima kwa pamoja. Likibanwa, nguzo hukonda huku serifi zikibaki nene, na herufi huonekana imebeba mzigo inaoshindwa kuuhimili. Kwa lugha yenye maneno marefu kama Kiswahili, kasoro hii hutokea kila siku. Tiba yake ni kuchagua herufi zilizosanifiwa kuwa nyembamba tangu mwanzo, lakini mtu hawezi kuagiza kitu asichokuwa na jina lake.

7.0 Swali la Istilahi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi za namna hiyo huwalazimisha watafsiri kuyapa majina mambo ambayo awali yaliachwa kwa wapiga chapa. Maneno kama fonti, mlazo na kukoleza yamepata watumiaji. Sehemu za herufi zenyewe bado hazina majina yaliyokubalika.

Njia ya kwanza ni kutohoa, na serifi ni tohoa nyepesi kutamka. Udhaifu wake ni kwamba haimwambii mwanafunzi chochote, na inapobidi kutofautisha aina za serifi, maneno mengine ya kigeni hulazimika kufuata. Njia ya pili ni kutumia kitako, kama kitako cha chungu. Neno hili lina taswira nzuri, lakini serifi hukaa juu ya herufi pia, na kitako hakikai juu.

Njia ya tatu inatoka katika kazi ya seremala. Fremu ya mlango ina vipande viwili vya kusimama, ambavyo ni miimo, na vipande vya kulala, ambavyo ni vizingiti. Kizingiti kinaweza kuwa cha juu au cha chini. Uhusiano wa mwimo na kizingiti ndio uhusiano wa nguzo ya herufi na serifi yake ya mraba: ubao wa kulala uliokutana na ubao wa kusimama kwa pembe mraba, kwa unene unaokaribiana. Mhadhara huu unapendekeza kwamba mstari wa kusimama wa herufi uitwe mwimo, na serifi nene ya mraba iitwe kizingiti, ili aina nzima ijulikane kama herufi za vizingiti. Neno serifi libaki kuwa jina la jumla la vijimstari vya aina zote. Kwa mpango huo, Clarendon zitaelezwa kuwa herufi za vizingiti vilivyokunjwa, na Rockwell kuwa za vizingiti vya mraba.

Pendekezo hili linaweza kupingwa kwa hoja kwamba kizingiti kina maana ya pili ya kikwazo. Pingamizi hilo lina uzito, lakini si la kuangusha. Neno mzizi linatumika katika botania, hisabati na sarufi bila kuwachanganya wanafunzi, kwa kuwa muktadha hutenganisha maana.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba herufi nene za vizingiti zilizaliwa na biashara ya London, zikapewa jina la Misri bila sababu ya kihati, zikaingia katika macho ya Waswahili kwa njia ya chapa na taipureta, na zikakutana na lugha yenye A nyingi, viambishi vipana, maneno marefu na ritifaa yenye kazi ya kifonolojia. Mambo matatu yanafuata. Kwanza, idara za Kiswahili zikusanye msamiati wa waandishi wa mabango kabla kazi ya mkono haijapungua zaidi, kwa kuwa maneno ya fundi hayamo katika vitabu vyake bali katika mazungumzo yake na mwanagenzi. Pili, BAKITA na taasisi za utafiti ziijadili ritifaa ya ng' kama suala la herufi, wala si la uakifishi tu, na watengenezaji wa mifumo ya kompyuta waelezwe hivyo. Tatu, istilahi za sehemu za herufi zipendekezwe, zijaribiwe darasani na karakanani, kisha zisanifishwe. Na katika kuzijaribu, maseremala wa Keko, ambao hutumia maneno mwimo na kizingiti katika kazi zao, waulizwe kwanza.